Ukuta Ndani ya Gari la Wasike

Wanaosema gari la Wasike lilikuwa la majivuno hawakuliona likibeba kabichi. Mimi nililiona. Nililiona likibeba kabichi kutoka mashamba ya Bahati, magunia ya makaa, na siku moja mbuzi aliyefungwa mshipi wa suruali kwenye kiti cha abiria, akitazama mbele kama karani aliyechelewa kazini. Kwa hiyo wenye maneno mengi wanyamaze kwanza, niwaeleze mimi niliyekuwa jirani yake.

Wasike alikuwa fundi wa bodi katika gereji moja pale Nakuru. Kazi yake ilikuwa kunyoosha magari yaliyokunjamana. Mzungu mmoja wa Subukia alianza kujitengenezea gari la mashindano, akachoka, akarudi kwao, akamwachia Wasike mifupa mitupu: chasi, magurudumu manne na injini ndogo. Bodi haikuwapo. Wasike aliigonga mwenyewe kwa miaka miwili, kila Jumamosi baada ya kazi, akilaza bati la alumini juu ya mfuko wa mchanga na kulipiga kwa nyundo ya mbao mpaka likubali kupinda. Mwaka wa 1956 likatoka. Lilikuwa jekundu, halina paa, halina milango, lina viti viwili vilivyobanana, na lilikuwa chini kiasi kwamba mbwa wetu wa nyumba za reli walimtazama dereva ana kwa ana.

Mtu mwingine angelifunika turubai na kulitoa Krismasi. Wasike alikwenda nalo kazini, sokoni na kanisani, mkewe Naliaka akiwa amefunga kofia kwa kitambaa kidevuni. Nilimwambia gari kama hilo si la makaa. Akanijibu, "Obura, gari ambayo haifanyi kazi ni sanamu."

Mwezi wa nne mwaka uliofuata, Naliaka alikuwa karibu kujifungua. Uzazi wa kwanza ulikuwa umemtesa siku mbili, na mtoto alitoka kimya. Hakulia hata mara moja. Tangu hapo Naliaka alikuwa amesema jambo moja tu, na alilisema kila siku: safari hii hataingia leba bila mama yake. Basi mama yake, Mama Rasoa, akaandikiwa barua huko Kimilili, naye akajibu kwamba anakuja kwa treni.

Mimi nilikuwa karani wa simu stesheni. Asubuhi ile, Wasike akiwa ameshampeleka mkewe hospitalini na uchungu umeanza, niliipokea habari kwa mkono wangu mwenyewe: mvua imeosha reli mbele ya Rongai, treni imesimama Maji Mazuri, abiria wangoje mpaka kesho. Nilikimbia hadi gereji. Nina kitambi na sipendi kukimbia, lakini nilikimbia.

"Mama Rasoa amekwama Maji Mazuri, mchukue na gari lako," nikamwambia.

Wasike akanitazama kama niliyetukana kanisani. "Mama mkwe wangu? Kwenye hiyo kiti?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wasike ni Mbukusu. Kwao mkwe na mama mkwe hawakai benchi moja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Kwetu Waluo pia kuna heshima hiyo, lakini hawa wenzetu wameikaza. Kwa miaka sita ya ndoa, Wasike alikuwa amemwona Mama Rasoa mara mbili, na mara zote mbili aliuona mgongo. Sasa akae naye bega kwa bega, maili arobaini na zaidi, ndani ya kitu chembamba kama kiatu! Mimi sijui kuendesha. Pikapu ya gereji ilikuwa imekwenda Olenguruone, na basi halikuthubutu kuingia kwenye tope lile.

Wasike hakubishana. Alichukua karatasi ya mabati, akaikata, akaisimamisha katikati ya viti viwili na kuipigia misumari ya ribiti, kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa. Nikafoka kwamba mwanamke mwenye uchungu hangoji ukuta. Hakuinua hata macho.

"Bila hii hatapanda," akasema. "Mimi namjua."

"Unamjua mgongo!"

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, mara nyingi, na kila mara tope liliongezeka.

Alimkuta Mama Rasoa kwenye jukwaa la Maji Mazuri, amekaa juu ya kikapu chake. Wasike akasimama mbali, akageukia mti, akasema kwa sauti kwamba Naliaka ameshikwa na uchungu na kuna gari. Yule mama alilizunguka gari, akagonga mabati kwa kidole, akakagua pembe zote. Kisha akapanda na kikapu chake, akajifunika leso mpaka puani. Wasike alifurahi mno, mpaka walipofika njia panda ya kwanza.

Maana Wasike, fundi wa kusifiwa Nakuru nzima, alikuwa amejenga ukuta upande wake wa kushoto na kusahau kwamba kushoto nako kuna barabara. Haoni lolote. Alipenyeza pua ya gari polepole, akiomba Mungu, mara sauti ikatoka nyuma ya mabati.

"Wewe gari! Kuna trekta!"

Akafunga breki. Trekta likapita na tela lake.

"Wewe gari," sauti ikaendelea, "sasa njia iko wazi. Mwambie mwenyewe aende."

Wasike akaelewa. Hakuna adabu iliyovunjwa. Mama anaongea na gari. Naye akajibu, "Gari, mwambie mama asante."

Wakaendelea hivyo. Wewe gari, kuna ng'ombe. Wewe gari, mwambie apunguze, mimi si gunia. Gari, mwambie mama ashike vizuri, kuna shimo. Kabla ya Rongai walizama kwenye tope, na kabla Wasike hajajua afanye nini alisikia leso ikifungwa kiunoni na mtu akishuka. Mama mkwe wake akaenda nyuma, akasukuma. Wasike alikanyaga mafuta macho yakiwa mbele, hakuthubutu kugeuka, akisikia mtu aliyemheshimu kuliko wote duniani akipumua na kuteleza na kulisema gari kwa Kibukusu. Likatoka. Mama akapanda tena, tope hadi magotini.

"Wewe gari," akasema, "wewe ni mdogo, lakini una nguvu. Sasa kimbia."

Waliingia uwanja wa hospitali saa nane. Nilikuwa pale, nimeomba ruhusa kazini. Mama Rasoa alishuka kabla gari halijasimama sawasawa, akapita mbele yangu bila salamu, akaingia alikokuwa binti yake. Wasike alibaki ndani ya gari. Nilimletea chai, ikapoa. Nilimwambia maneno ya kumtia moyo, akaniomba ninyamaze, na kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza nilipoombwa. Mikono yake haikutoka kwenye usukani. Kila mlango ulipofunguliwa aliruka, na kila mara alikuwa ni mtu na ndoo yake.

Saa kumi na moja Mama Rasoa akatoka. Nilimtazama usoni nikitafuta habari, sikuona kitu. Leso ilikuwa juu. Hakuja kwangu, ingawa mimi ndiye ningestahili kupewa ujumbe nimfikishie. Alitembea polepole mpaka kwenye gari, akaingia, akakaa kwenye kiti chake upande wa pili wa mabati, ingawa hapakuwa na safari yoyote.

"Wewe gari," akasema. "Mwambie mwenyewe ni msichana. Analia mpaka sista ameziba masikio. Mama yake ni mzima, ameomba uji."

Wasike akainamia usukani.

Mama Rasoa akaulaza mkono wake juu ya bati.

"Mwambie pia, akitaka kulia, alie. Mimi simwoni."