Riwaya Ndani ya Faili

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi moja mjini Ibra, Oman, nasubiri muhuri. Karani mmoja, binti kijana, alipochomoa faili langu, kikaanguka kitabu: riwaya ya wanawake wawili wanaopendana kazini. Mkuu wa ofisi akakiokota, akasoma jalada la nyuma.

"Cha nani hiki?"

Binti alisawijika. Aliona kazi inamponyoka.

Karani mwenzake, bibi mzaliwa wa Unguja, alitikisa kikombe chake, ishara kwamba kahawa imemtosha.

"Changu, ustadh. Nipe, sijamaliza."

Mkuu akampa, akenda zake.

Bibi akamrejeshea binti. "Mwisho wanapatana?"

"Wanapatana, bibi."

"Alhamdulillahi. Kitie mkobani."

Maofisini nimesikia uongo mwingi. Huu ningeugongea muhuri mwenyewe.