Sauti ya Pili ya Kasenga

Kanisa letu la Metodisti la Kasenga, mtaa wa Uvira, lilianzishwa na karani wa bandari, mtu wa kusini mwa ziwa aliyekuja kwa meli na sanduku la vitabu na ukali wake. Wakatoliki walikuwa na mapadri, Waprotestanti wengine walikuwa na misheni yenye hospitali. Sisi tulikuwa na karani, nyumba ya matofali mabichi, na kwaya. Nilikuwa msichana mbichi, tena nikijiona.

Wimbo wa kufungulia ibada karani aliutunga mwenyewe, haukuwa katika kitabu chochote. Aligawa sauti kama watu wanavyogawana mashamba: ukiingia kwa jirani, unafukuzwa. Rafiki yangu, tuliyekua naye ua mmoja, alipewa sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Mimi nikapewa ya pili. Nilinuna wiki nzima. Ya pili ni ya kusindikiza tu. Ukiiimba peke yake, msikilizaji hajui unaimba nini. Tena kila mara nilichepuka nikamfuata rafiki yangu, maana alisimama kushoto kwangu na koo lake lilikuwa na nguvu. Ndipo karani akaniamuru nizibe sikio la kushoto kwa kidole. Niliimba hivyo miaka ya mwisho ya Wabelgiji, na hata Jumapili ya kwanza baada ya uhuru, watu wamejaa hadi madirishani, kidole changu kilikuwa sikioni.

Uasi dhidi ya serikali mpya ulipofika Uvira, wenye kalamu ndio waliotafutwa kwanza. Karani alichukuliwa asubuhi, amevaa tai yake, na hatukumwona tena. Watu wakatawanyika: wengine milimani, wengine kijijini Makobola kwa ndugu zao, wengine wakavuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Rafiki yangu alivuka na mumewe. Mimi nilibaki kwa sababu mama yangu hakuweza kutembea. Kabla ya kuvuka, rafiki yangu alikuja kuniaga, mtoto mgongoni.

"Dada, weye unabakia na nani?"

"Minye niko na mama. Na kanisa."

"Basi uichunge. Nitarudia, tutaimba pamoja."

Ahadi ni deni. Niliishika ile kwa mikono miwili, maana sikuwa na kingine cha kushika.

Mji ulipotulia nilifungua kanisa. Mbuzi walikuwa wamelala humo. Nikafagia, nikakaa benchi la mbele. Jumapili ile tulikuwa wawili, mimi na mama niliyembeba mgongoni. Baadaye wakaja watoto wa mtaa, kisha mama zao, wengi wao wageni waliohamia Kasenga. Wa kwaya ya zamani hakuja hata mmoja.

Niliwafundisha wimbo wa karani. Nilikusudia kuwafundisha sauti ya kwanza, Mungu ni shahidi yangu. Niliisikia vizuri kichwani, kwa koo la rafiki yangu, lakini nikifungua mdomo ilitoka ya pili. Nikajiambia si kitu, akirudi ataisahihisha. Watoto wakaishika ya pili, na kidole nacho wakakishika. Kanisa zima likaimba limeziba sikio la kushoto. Mchungaji wa kwanza tuliyeletewa alidhani ndiyo desturi ya Wametodisti wa ziwani, akaziba na lake. Nilirudi nyumbani nikacheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi matupu. Hapakuwa na mtu wa kucheka naye.

Aliporudi, wale watoto walikuwa na watoto wao. Hakutuma habari. Alitokea Jumapili, amenenepa, akasimama kushoto kwangu kama mtu aliyekwenda kuteka maji tu. Wimbo ukaanza, naye akaingia na sauti ya kwanza. Ulikuwa ndio wimbo wenyewe, sikuwa nimeusikia tangu alipoondoka.

Lakini watu waligeuka. Msichana mmoja wa mbele alimtazama kwa huruma, akampandishia sauti ili kumsaidia mgeni asiyejua. Wengine nao wakapandisha. Rafiki yangu akayumba. Akainua kidole, akaziba sikio la kulia, lile lililokuwa upande wangu. Aliimba mstari mmoja hivyo, kisha akanyamaza.

Baada ya wimbo nilisimama nikawaambia kweli: huyu ndiye mwenye wimbo, mimi niliwafundisha wa kusindikiza. Wakaitika, "Ndiyo, mama," kwa heshima zote, na Jumapili iliyofuata wakaimba kama walivyozoea. Samaki mkunje angali mbichi. Hawa walikuwa wamekwisha kauka, na aliyewakunja ni mimi.

Nilimsihi akae awafundishe.

"Hapana, dada. Ulichunga muzuri. Lakini hii kanisa iko yako, haiko yetu tena. Minye niko mugeni hapa."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kumjibu. Alirudi Burundi kabla ya mwezi kwisha.

Siku hizi kanisa lina bati na vipaza sauti, na wimbo ule bado ndio unaofungua ibada. Nimejaribu kujifunza ya kwanza nikisonga ugali; nafika mstari wa tatu, narudi kwenye yangu. Jumapili wote wanaimba sauti moja, na wanaziba masikio kwa mazoea tu. Nami naziba la kushoto, ingawa upande ule hakuna tena wa kunichepusha.