Siku Nilipolazwa Kwenye Tuta la Mchicha

Aibu yangu si ya wizi wala ya mwanamke, ni ya mchicha, na mpaka leo nikianza kuisimulia mke wangu hunyanyuka barazani akaenda zake jikoni.

Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani (ukinikuta mjini ujue nimepotea), na miaka ile ya serikali ya wanajeshi kukaa nyumbani ndiyo ilikuwa afya yenyewe. Sukari hakuna, chumvi ya kubembeleza, mboga hazishikiki, basi mke wangu Zaina alipokwenda Jinja kumuuguza dada yake nikaamua akirudi akute tuta la mboga nyuma ya nyumba yetu pale Kyebando, tena la kuinuliwa, maana mvua ikinyesha uwanja wetu ni bwawa. Nikachimba kulegeza udongo, nikapanga vipande vya matofali kufuata ukuta, nikatia samadi ya mbuzi, nikarundika udongo hadi ukatuna. Urefu nilipima kwa kulala chini mwenyewe (futi sina). Kisha nikamwagia maji kwa birika, polepole, huku nasema bismillahi, na mwisho nikachomeka tawi bichi ili mbegu zipate kivuli.

Waislamu wenzangu mmeshaelewa. Maji, kisha tawi bichi: hivyo ndivyo tunavyomaliza kaburi. Mimi na sekondari yangu sikuelewa, nikaenda kuoga.

Jirani yangu Mama Nuru, ambaye hakuwa na habari ya safari ya Zaina, aliniona kutoka upande wa pili wa ua. Huyu mumewe alichukuliwa dukani Kikuubo na watu wa gari lisilo na namba, hakurudi, wala maiti haikuonekana. Nilipotoka bafuni na taulo kiunoni nikakuta mikeka imetandikwa, wanawake wanalia, na shehe wetu wa mtaa ananipa mkono.

"Pole, Baba Salim. Mbona umemzika peke yako?"

"Nimemzika nani?"

"Mwacheni," akasema Mama Nuru. "Akili haijamrudia."

Nikaeleza habari ya mchicha, wakanihurumia zaidi, nikaeleza kwa sauti kubwa, kilio kikazidi. Na enzi hizo watu wakijaa uwanjani ni mkutano, na mikutano ilikuwa na wenyewe. Wakaingia askari kanzu wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, miwani myeusi, viatu vya soli nene, bila hodi.

"Nani nakufa hapa?"

"Mke wake, afande," shehe akajibu.

"Nani naua yeye?"

Macho yote yakanigeukia, macho ya watu niliokula nao pilau ya Idi. Nikasema ni mchicha, afande. Nikapigwa kofi, nikaambiwa nichimbe kwa mikono, nami nikachimba, huku nimebana taulo kwa viwiko, mpaka chini kabisa: samadi tu.

Nikadhani yamekwisha. Yule mfupi akalitazama shimo, akanitazama mimi.

"Hii saizi yako. Lala."

Nikalala. Saizi yangu kweli. Wakaanza kunifukia kwa koleo langu, miguu, tumbo, wanacheka, na mtaa mzima ulijua kicheko kile huishia wapi. Shehe alikuwa ameshaanza kunisomea. Udongo ulipofika kifuani nikasikia sauti kutoka mlangoni.

"Nyie, mume wangu kafanya nini tena?"

Zaina, na kapu lake la samaki.

"Wewe nani?"

"Mke wake."

"Ndiye marehemu, afande," akasema shehe.

Yule mfupi alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Wakaondoka na samaki, redio yangu na koleo, nami nikabaki nimefukiwa nusu, taulo sijui liko wapi.

Waombolezaji wakakunja mikeka wakaenda zao. Mama Nuru peke yake hakuondoka. Nilipovaa nikatoka kuusawazisha ule udongo usionekane tena, akanishika mkono.

"Liache tuta, Baba Salim. Ulipotaja mchicha mara ya kwanza tu nilikuamini. Lakini nilikuwa nimeshaanza kulia, nikashindwa kuacha. Mimi sina pa kulilia."

Nilitaka kukasirika (karibu niuawe, jamani), hasira ikakataa kuja.

Tuta jingine sijengi maisha yangu, nimeapa, mchicha nanunua sokoni kwa bei yoyote. Lile nikalirundika upya, Zaina akanisaidia bila kuuliza, na siku za Ijumaa tukawa tunaacha mlango wa uani wazi, Mama Nuru aingie akae.