Fremu Yangu, Magurudumu Yake

Fremu niliipata kwa koti. Nilikuwa nauza mitumba sokoni Lindi, na katika belo moja likatoka koti zito la manyoya, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Lindi ile, nani angelivaa? Wateja walilishika, wakacheka, wakaliacha. Lilikaa kwenye msumari likinibania nafasi ya magauni mpaka siku dereva mmoja wa lori aliposimama mbele yake kama mtu aliyemwona ndugu yake. Alikuwa anapeleka chumvi Njombe, na baridi ya huko aliijua. Juu ya lori lake alikuwa amefunga fremu nyekundu ya baiskeli ya gia, iliyotoka bandarini Dar es Salaam ikiwa na kila kitu isipokuwa magurudumu. Tulibadilishana palepale, na kila mmoja akaondoka akidhani amemtapeli mwenzake.

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa na vitu vilivyochoka kwa wenzetu vikaja kuanza maisha mapya kwetu. Kabla ya hapo baiskeli ilikuwa ile nyeusi ya Kichina, yenye keria pana ya kubebea kuni, samaki au mke. Haikuwa kitu cha kuchezea. Halafu zikaanza kuja hizi nyingine, zenye tairi nene za meno na gia za kubadilisha kwa kidole gumba, na watu wazima wenye watoto wakaanza kuendesha baiskeli bila kwenda popote.

Tulikuwa kikundi, kama ni sahihi kukiita hivyo. Jumapili alasiri tulikutana karibu na kituo cha mafuta, kila mtu na mfuko wake wa vyuma, tunabadilishana. Breki kwa pedeli, usukani kwa mnyororo, tairi kuukuu kwa tyubu yenye viraka vinavyoaminika. Sharti lilikuwa moja tu: kipande kwa kipande, na kikitoka kimetoka, hakuna kumfuata mtu nyumbani kesho yake na sura ya kujuta. Baada ya hapo tuliendesha mpaka Mitwero, tukazunguka kwenye vijia vya mashambani, tukarudi jua likiwa limepoa. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Nilivaa suruali, juu yake gauni, kiunoni khanga, na aliyetaka kusema alisema. Nilikuwa nimeshaachika, na mtu aliyeachika huwa amekwisha kusikia mengi mabaya zaidi.

Shida ya fremu yangu ni kwamba magurudumu ya baiskeli za Kichina hayakuiingia, yalikuwa makubwa mno. Kwa miezi kadhaa niliitundika ukutani pale palipokuwa na koti. Nilikuwa nahudhuria Jumapili zile na baiskeli ya kuazima, huku nimeacha dukani gia ishirini na moja zisizozunguka.

Magurudumu ya kuiingia, mji mzima, alikuwa nayo mtu mmoja: binamu yangu, mtoto wa mjomba. Alikuwa mlinzi katika kiwanda cha korosho. Aliyapata kwa mzungu mmoja wa ujenzi wa barabara aliyeiegesha baiskeli yake nyuma ya greda, na greda likarudi nyuma. Fremu ilikunjika, magurudumu hayakupata hata mkwaruzo. Mzungu alimwachia binamu magurudumu, na binamu akayatundika chumbani kwake kama picha za harusi.

Kwa desturi yetu mtoto wa mjomba ni mtani. Anaweza kukutukana mbele za watu, kukuita mke wake, kuchukua samaki kwenye sahani yako, nawe ukikasirika aibu ni yako. Kwa hiyo alipokuja kuiona fremu, alianza hivi:

"Mke wangu, hiyo takataka nitakusaidia kuitupa."

"Lete hayo magurudumu kwanza, niyatupe pamoja nayo."

Tulijadiliana kwa wiki kadhaa. Nilimpa mnyororo, akakataa. Akanipa kiti na usukani, nikakataa. Kila mmoja alitaka cha mwenzake na hakuna aliyetaka kuachia chake. Mwishowe, kwa kuchoka tu, tuliviunganisha. Redio wakati ule ilikuwa kila siku inazungumza habari za ubia, viwanda vya ubia, hoteli za ubia, basi wenzetu pale kituo cha mafuta wakaipa jina: baiskeli ya ubia. Siku moja ya binamu, siku moja yangu.

Ugomvi wetu ulikuwa kiti. Yeye ni mrefu, ana miguu ya korongo. Mimi mfupi, na sioni sababu ya kuficha. Kwenye nguzo ya kiti kulikuwa na alama mbili tulizochora kwa msumari, yake juu, yangu chini, na makubaliano yalikuwa kwamba kila anayerudisha baiskeli arudishe na kiti kwenye alama ya mwenzake. Hakurudisha hata siku moja. Nilikuta kiti kimesimama juu kama mnara wa msikiti. Nilikuwa natoka na spana, nakishusha, namtukana yeye na mjomba pamoja, majirani wanasikia. Naye alisema kwamba alikuwa akikikuta chini anadhani baiskeli imeendeshwa na kuku.

Lakini kuiendesha! Ukitoka Mitwero kurudi mjini kuna mahali barabara inaanza kuteremka, na pale niliweka gia nzito, nikaacha kukanyaga. Khanga ilipepea, mawe madogo yaliruka chini ya tairi, na fremu ilitulia, haikutetemeka kama zile za Kichina. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata katika ndoa, na nasema hivyo bila utani. Kwa muda ule mfupi sikuwa muuza mitumba wala mtalaka wa mtu.

Kisha kiwanda kikafungwa. Walisema atatafutwa mwekezaji, na mpaka atakapopatikana, walinzi wachache tu walibakizwa. Binamu hakuwa miongoni mwao. Alikaa mjini msimu mmoja akibangaiza, halafu akaja dukani kwangu jioni, akakaa juu ya belo ambalo sikuwa nimelifungua, akasema anarudi kwao, milima ya Matumbi, akalime. Mjomba alikuwa amezeeka na shamba limeota pori.

"Na magurudumu?" nikauliza. Ndiyo, hilo ndilo nililouliza kwanza.

"Nakwenda nayo. Nataka kutengeneza mkokoteni. Kisima kiko mbali, mama anabeba maji kichwani."

Hasira ilinipanda. Magurudumu yale, ya aluminiamu, yenye spoku zinazong'aa, kwenda kubeba madumu! Nilimwambia mkokoteni unaweza kutengenezewa magurudumu ya mbao. Akasema fremu yangu pia inaweza kuwekewa magurudumu ya mbao. Magurudumu yalikuwa yake, na mama yake ni mke wa mjomba wangu, mwanamke aliyenibeba nikiwa mdogo. Lakini nilijua siku yakiondoka ndiyo baiskeli imekufa, na nilisikia uchungu kama wa mtu anayenyang'anywa.

Wiki ileile mchuuzi mmoja wa ng'onda, samaki wa kukausha, ambaye alikuwa akisafiri kati ya Lindi na Kilwa Kivinje, alinipa habari: Kivinje kuna mzee fundi ana magurudumu mawili mazima ya baiskeli ya gia, hayana kazi. Nilimrudisha na ujumbe kwamba nayataka, nakuja na mnyororo mpya wa gia. Jibu likarudi: karibu. Nikamwambia binamu tusafiri pamoja, maana Kivinje iko njiani kwake. Huko nitafunga magurudumu ya fundi, yeye achukue yake aendelee na safari, na ubia wetu uvunjike kwa heshima.

Tulipanda lori la simenti, baiskeli imelala juu ya mifuko, sisi pembeni yake. Barabara ya siku zile nisiielezee. Mchanga, mto, tope, kushuka na kusukuma. Nangurukuru, kwenye njia panda ya Kivinje, tuliteremka tukiwa weupe kama maiti zilizotoka kufufuka. Kutoka pale mpaka Kivinje tuliamua kuendesha, kwa zamu, mmoja kwenye baiskeli na mwingine kwa miguu na mizigo. Yeye alikwenda mbele mwendo mrefu, akashuka akaningoja kivulini. Nilipofika nikakishusha kiti, nikampita, nikaenda mbele nikamngoja. Alipofika akakipandisha. Tulifanya hivyo njia nzima na hakuna aliyesema kitu kuhusu kiti. Hilo ndilo lililonitia huzuni kuliko yote, kwamba hatukugombana.

Fundi alikuwa na kibaraza nyuma ya moja ya yale majengo ya Wajerumani yaliyochakaa, karibu na soko la samaki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Habari za Lindi?"

Aliingia ndani akatoka na magurudumu, moja kila mkono. Nilijua kabla hajayaweka chini. Yalikuwa makubwa na membamba, tairi zake unene wa kidole, ya zile baiskeli za mashindano zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Na hakunidanganya. Baiskeli zile nazo zina gia. Sisi wenyewe tulikuwa tukiziita zote baiskeli za gia, nene na nyembamba, na mimi katika ujumbe wangu wote sikuuliza unene wa tairi.

"Siyo haya?" mzee akauliza.

"Ndiyo haya, babu," nikasema, "ila baiskeli siyo hii."

Nilitoka nikaenda kukaa ukutani, upande wa pili wa njia. Sikulia. Nilikaa nikitazama paka waliokuwa wanagombea matumbo ya samaki, nikipiga hesabu ya jinsi ya kurudi Nangurukuru na fremu begani. Nyuma yangu nilimsikia binamu akiomba spana, kisha nikasikia baiskeli ikipinduliwa, kiti na usukani vikigusa sakafu. Ndiyo anayafungua, nikajiambia. Kwa utani ningeweza kuyashika nikasema nimeyateka, na mbele ya mzee yule angelazimika kucheka. Nilifikiri hilo, sikatai. Kisha nikamfikiria mama yake na dumu kichwani, nikabaki nimekaa.

Alichukua muda. Aliponiita, baiskeli ilikuwa imesimama ukutani na magurudumu yake yote mawili mahali pake, nati zimekazwa upya. Kiti kilikuwa kwenye alama yangu. Binamu alikuwa ameishika spana kwa mikono miwili, ananing'inia kwenye nati ya kiti mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na alipomaliza, akakipiga kiti ngumi kutoka chini kuona kama kitacheza. Hakikucheza.

"Sasa hakuna wa kukipandisha," akasema.

"Na mkokoteni?"

"Nimechukua ya babu. Mpe mnyororo wake."

"Binamu, yale ni membamba. Kwa mchanga wa kwenu yatazama na dumu la kwanza."

"Mkokoteni wa nani?"

"Wako."

"Basi niachie. Kipande kwa kipande, kikitoka kimetoka. Mzee huyu shahidi."

Mzee alikuwa ameshaushika mnyororo, anaukagua pini kwa pini, hakutusikiliza. Nilitaka kumtukana binamu kama kawaida yetu, nikaanza, "Wewe mwana wa...", na sauti ikakatika. Akacheka. Akasema mke wake leo amekuwa bubu, atatoa sadaka ya shukrani. Aliyafunga yale magurudumu membamba mgongoni kwa kamba, akavuka njia kwenda kutafuta gari la milimani, akionekana kwa nyuma kama mdudu mwenye mabawa. Nilimtazama mpaka akakata kona. Nikapanda baiskeli kurudi Nangurukuru, miguu yangu ikifika kwenye pedeli bila shida yoyote, na hapo ndipo nililia, nikikanyaga, mpaka barabara kuu.

Magurudumu membamba yalikunjika kabla ya mvua za mwanzo. Alinitumia habari mwenyewe, kwa kiburi, kwamba ametengeneza ya mbao na yanafaa zaidi.

Alipokuja Lindi kutembea ilikuwa imepita miaka. Jumapili zetu zilikuwa bado zipo, ingawa watu walikuwa wengine na vipande vilikuwa vimejaa madukani. Nilimwambia achukue baiskeli aende Mitwero. Nikatoa spana kumpandishia kiti. Nati haikusogea. Kutu ya chumvi ilikuwa imeikamata, nami sikuwa nimeigusa tangu Kivinje. Niliimwagia mafuta ya taa, nikaigonga kwa jiwe, nikaning'inia nayo kama alivyoning'inia yeye.

"Wacha," akasema. "Niliikaza mwenyewe."

Akapanda hivyohivyo. Akapita sokoni, magoti yakigonga usukani, mtu mzima mwenye mvi juu ya kiti cha mtu mfupi, watu wakimcheka na yeye akiwapungia mkono. Alirudi jua linazama, akaiegemeza ukutani, akasema imebaki nzuri.