Karanga Alizozichambua Bibi Yako

Mwanangu, mimi siyo mzee, bado naitwaga dada hapa mtaani, lakini kwako wewe ni mkubwa. Kwa hiyo sikiliza.

Siku ile natoka na wewe kliniki, hapa Nyasura, sitaisahau. Ulikuwa umetoka kuharisha, mashavu yameisha, na uzito umeshuka tena. Nesi akasema, "Mama, uji wako mwepesi, weka kitu ndani. Kliniki ijayo asipoongezeka tunakuandikia mwende hospitali Musoma." Nilirudi nimekubana kifuani.

Kesho yake akaja bibi yako, mama wa baba yako, kutoka Butiama na karanga kwenye kiroba. Akakubeba, akakugeuza.

"Mke mwenzangu, unamlisha nini mume wangu? Nimeolewa na njiti?"

Sikucheka. Nilimweleza maneno ya nesi. Akakaa chini, akamwaga karanga kwenye ungo, akaanza kuchambua. Zilizosinyaa pembeni, zenye ukungu pembeni. Mimi moto umeshawaka, wewe unalia.

"Mama, si tukaange tu zote? Mtoto ana njaa."

"Mnyonyeshe, halafu urudi hapa. Hii ya ukungu ni sumu, hata kuku wangu simpi."

Nikarudi, tukachambua. Tukakaanga kwa moto mdogo, tukapeta maganda, akanipa jiwe nisage. Ulipotoka unga nikasema imetosha.

"Bado."

Nikanyanyua chupa ya mafuta ya kula nilainishe haraka. Akanipiga kofi mkononi. "Mafuta yake yamo humo humo. Saga."

Nikasaga mpaka mabega yanawaka. Na kweli, ule unga ukaanza kung'aa, ukalainika, ukawa unateleza wenyewe kwenye jiwe. Yule mama namkubali mpaka leo. Hakuwa na haraka hata kidogo, na wewe uliyekuwa na njaa ndiyo mume wake.

Mara ya kwanza alikuonjesha kwa ncha ya kijiko tu, akakaa anakuangalia mwili, maana kuna watoto karanga inawakataa. Ulipokuwa salama, tukawa tunakoroga kijiko kimoja cha karanga kwenye uji wa mtama. Ulianza kugombania kikombe.

Kliniki iliyofuata nesi alikutoa kwenye mizani, akakuning'iniza tena.

"Huyu ni yule yule?"

Bibi yako akajibu toka kwenye benchi, "Ni yule yule. Mke mwenzangu anajua kusaga."

Pale ndiyo nikalia, mwanangu, mbele ya akina mama wote.

Sasa shika hili. Karanga inajenga mwili na mafuta yake yanatia nguvu. Inakaa tumboni muda mrefu, ndiyo maana baba yako anabebaga kopo lake akienda kuvua kisiwani Rukuba. Lakini chambua kwanza, hata kama njaa inauma. Ikiwa chungu mdomoni, tema. Mtoto mdogo usimpe nzima, itampalia, msagie. Na ukisaga, usikimbilie chupa, vumilia mpaka itoe mafuta yake.

Mungu akupe mwili mzito, akupe na mikono isiyochoka upesi, na bibi yako aishi mpaka siku utakayomsagia yeye.