Pete ya Mama kwenye Mguu wa Kuku

Mama yangu alikuwa na watoto sita na mume mmoja, na bado kanisa lilimhesabu kama mchumba. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa zamani, na kwa ukoo wote yeye alikuwa mke wa mtu, hakuna wa kuuliza. Lakini bila ndoa ya kanisani hakuruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana. Wengine walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi, anapekua mkoba kana kwamba kuna kitu anakitafuta. Nilichukia kumwona akipekua vile.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwaka niliomaliza kidato cha nne, kasisi wetu alitangaza ndoa za pamoja: jozi nane, Jumamosi moja, kila jozi na pete yake. Atakayekosa angoje mwaka mwingine. Baba akauza redio yake, akamwendea sonara mzee wa Kihindi mjini, akarudi na pete nyembamba ya dhahabu. Tangu hapo habari tulizisikiliza kupitia ukuta, kutoka kwa jirani.

Mama aliogopa wezi, tena mtaani kwetu Kaloleni nyumba zimebanana na kila mtu anajua cha mwenzake. Akaificha pete kwenye mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia, pamoja na vifungo, sindano na vile viduara vya shaba vya kuning'inizia pazia. Alijisifu kwa akili hiyo. "Mwizi gani atashughulika na takataka?" alisema.

Wezi hawakuja. Alikuja Dani, nyanya yetu mzaa baba, kutoka kijijini Pap Onditi. Alifika Jumatano akiwa amebeba kuku mdogo kwapani, zawadi ya kumpa mkaza mwanawe awe anamtagia mayai. Sasa, pale mtaani kuku wa nyumba zote walichanganyika mchana kutwa, kwa hiyo kila mama alikuwa na alama yake: huyu kitambaa chekundu mguuni, yule rangi bawani. Dani aliviona vitambaa akavidharau. Kitambaa hufunguka, alisema, chuma hakifunguki. Macho yake hayakuwa mazuri, lakini mikono ilijua kazi. Akafungua mkebe, akachagua kiduara, akavibana vidole vya kuku pamoja, akamvisha.

Kesho yake kasisi alikuja kuwafundisha wazazi wangu viapo. Alipoaga, Mama alinitupia jicho. Mgeni wa heshima ile haondoki mikono mitupu. Kuku wa Dani alikuwa bado amefungwa kamba mlangoni mpaka azoee boma, naye Dani alikuwa ameenda bombani kuchota maji. Nikamchukua huyo huyo, kwa uvivu tu wa kuwakimbiza wengine. Kiduara mguuni nilikiona vizuri. Nilidhani ni cha pazia, kwa hiyo sina haki ya kumcheka Dani.

Jumamosi asubuhi Mama, akiwa tayari ndani ya gauni, aliumwaga mkebe juu ya mkeka. Vifungo, sindano, viduara. Akapangua, akapangua tena. Kisha akakaa chini na gauni lake jeupe, akalia. Jirani akaingia mbio.

"Mama, usilie, chukua hii yangu. Utarudisha jioni."

"Siwezi kuapa mbele ya Mungu na pete ya mume wa mtu mwingine!" Mama alifoka. "Afadhali nikae tu hivi mpaka nife."

Dani alikuwa anakunywa chai. Aliuliza kwa Kijaluo, bila haraka yoyote, kama tunatafuta kile kiduara kilichong'aa kuliko vingine. Alikuwa amekichagua kwa makusudi, ili kionekane kwa mbali mguuni mwa kuku.

"Yawa, jamani!" Baba alishika kichwa.

Nilipanda boda ya baiskeli hadi nyumbani kwa kasisi. Njia nzima nilikuwa najiuliza nitasema nini. Kuomba zawadi irudishwe ni aibu isiyosemeka, na mimi nilikuwa naenda kuiomba kwa mtu wa Mungu. Mke wa kasisi nilimkuta jikoni. Sufuria ya maji ilikuwa motoni inachemka, nami nikaanza kutafuta manyoya kwa macho.

"Nimekuja kwa ajili ya ile kuku," nilisema.

"Kuku?" Aliniangalia kwa huzuni. "Tumewakosea nini, mtoto yangu? Mama yako amekasirika?"

Nilieleza yote kwa pumzi moja. Akaziba mdomo, akakimbilia nje. Maji yalikuwa ya chai, kuku alikuwa hai, anachakura nyuma ya nyumba, lakini hakutaka kushikwa. Kasisi alitoka na kanzu yake tayari kwa ibada, akatanua mikono kumzuia upande mmoja, mkewe upande wa pili, na mimi nikajirusha kifudifudi kwenye majani. Mguu nikaukamata. Ilibidi tumpake mafuta ya kupikia ndipo pete itoke.

"Hii nitaiombea mara mbili," kasisi alisema.

Niliiosha kwa sabuni mara tatu. Kanisani, kasisi alipoishika juu ya kitabu, alikwepa kabisa kunitazama, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama hakugundua kicheko hicho. Alinyoosha kidole, pete ikaingia sawasawa, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia.

Jumapili iliyofuata alikwenda mbele na wenzake. Mkoba wake aliuacha kwenye benchi. Aliporudi alikaa katikati yetu, na Dani, ambaye hakujua kunong'ona, akamuuliza kanisa zima likisikia: "Sasa ikoje?"

Mama alifikiri kidogo.

"Divai yenyewe ni chachu, Mama," alijibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuhangaika kuyafuta.