Kamera Niliyouziwa Babati

Muuza duka wa Babati aliniambia kamera ile ya dijitali inamfaa kila mpiga picha. Mpaka leo nikimkumbuka nakunja ngumi. Kila mpiga picha! Wakati ule mkoa wetu ulikuwa bado mpya na maduka yamejaa vitu vya nje, na sisi tuliamini kila kilichotoka kwenye boksi.

Mpiga picha wa harusi ana umeme na kompyuta. Akirudi nyumbani anahamisha picha zake, analala. Kamera ile ilimfaa yeye. Mtalii naye anaupiga picha mlima Hanang mara ishirini, anafuta kumi na tisa, mlima hauendi popote. Mimi nilikuwa mpiga picha wa mnadani. Nilishuka mnadani kutoka Bashay juu ya lori la mahindi, nikakaa siku mbili bila kuona swichi ya umeme, na kadi ya kutunzia picha ndani ya kamera iliingia picha chache tu.

Kamera yangu ya zamani, ya mkanda, ilikuwa nzito, na kusafisha picha ilikuwa mpaka Arusha. Lakini haikumfuta mtu. Hata aliyegoma kuchukua picha yake, negativu yake ilibaki kwangu kwenye kopo la biskuti. Nikaiuza, mjinga mimi, ili ninunue hii.

Mnadani mzee mmoja mfugaji wa Dirma alisimama na mkewe, nikawapiga picha. Nikawageuzia kioo kidogo cha nyuma ya kamera wajione. Walicheka mpaka watu wakajaa. Mama yule alikigusa kioo kwa kidole, akajifunika uso kwa shuka.

“Baba, nikuletee picha ngapi mnada ujao?” nikauliza.

“Za nini? Nimeshaona,” akasema, wakaenda zao.

Siku ile karibu wote walinifanyia hivyo. Wanajitazama, wanacheka, wanakwenda kula nyama choma. Kadi ilipojaa nikawafuta wote ambao hawakuagiza. Sikufuta kwa ajili ya nafasi tu. Nilifuta kwa hasira, nabonyeza kitufe kama ninaua chawa.

Mnada uliofuata mzee alikuja peke yake.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mke wangu amekufa. Tumeshazika.”

Nikampa pole. Akaelekeza fimbo kwenye kamera iliyoning’inia shingoni mwangu, akangoja.

Nikaanza kumweleza habari za kadi ndogo. Nilijichukia kila neno lilivyotoka. Hakunielewa, na kwa nini anielewe? Alikuwa amemwona mkewe kwa macho yake mwenyewe, mle ndani, anacheka. Alidhani namnyima kwa sababu siku ile hakuagiza.

Akanisogelea, akasema taratibu, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba asiyoijua:

“Karatasi sitaki, mwanangu. Fungua tu nimwone.”